Punje Hamsini za Rozari

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimedanganya tena. Safari hii nimemdanganya mke.

Nyamizi alipiga simu mchana, nimeketi juu ya magunia kwenye kinu cha kukoboa mpunga, mdomo umejaa vumbi la pumba. Akauliza kama huko Ifakara ninasali au ninazurura tu. Badala ya kusema ninabeba mpunga mpaka mgongo unalia, nikasema ninasalisha rozari. Jumuiya nzima. Kila jioni ya Oktoba! Sijui maneno yalitoka wapi.

Kisha akasema anakuja. Atafika Jumapili, na mtoto. Akikuta ni kweli, anabaki. Akikuta ni mipango yangu ya siku zote, anageuza kurudi kwetu Maswa na basi la kesho yake, na nisimtafute tena.

Mtoto ni Sayi. Ana miaka miwili na nusu. Sijamwona hata mara moja. Niliondoka akiwa tumboni, nikasema nakwenda msimu mmoja tu.

Siku sita. Rozari sina. Mara ya mwisho kufika jumuiya ni Pasaka, kwa sababu kulikuwa na pilau.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda. Jumuiya yetu hapa Lipangalala ni ya Mtakatifu Monika. Mwezi huu sanamu ya Bikira Maria inahama nyumba kwa nyumba. Ilipo, ndipo watu wanakusanyika saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti ni Mama Balbina, mjane wa Kipogoro, mfupi sana, lakini akikutazama unakumbuka dhambi za utotoni. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia mara moja, akauliza nani amenidanganya kwamba leo kuna pilau.

Msalishaji ni Salvatory, fundi cherehani. Ana rozari ya mbao, punje kubwa kama njugu, na sauti kama ya redio. Nikamvuta pembeni, nikamwomba aniachie Jumapili moja tu, nami nitambebea mpunga wake wote kutoka shambani bure. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, wewe Msukuma, rozari haiswagwi kwa fimbo kama ng'ombe, hebu nitajie kwanza matendo ya furaha. Nikataja mawili. Moja lilikuwa la uchungu.

Nimemchukia kabisa. Lakini walipoanza kuitikia, watu thelathini kwa pumzi moja, "utuombee sisi wakosefu", vinyweleo vilinisimama. Nilisahau chuki kwa muda wa kama Baba Yetu mbili hivi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango: kukariri. Niliandika matendo kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikaiweka mfukoni. Kila gunia, tendo moja. Gunia la kwanza, malaika anampasha habari Maria. Gunia la pili, Maria anamtembelea Elisabeti. Msimamizi wetu, Venance, akauliza ninaongea na nani. Nikamwambia. Akasema nisali tu, lakini huyo Elisabeti nisimwangushe kwenye mguu wake.

Tumepakia malori mawili. Kufika jioni, nyumbani kwa Mzee Sylvanus, mwili ulikuwa wa kuazima. Nikapiga magoti nyuma kabisa, paji la uso ukutani. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mwisho.

Nilipozinduka watu wote wamesimama, wamenizunguka, kimya. Rozari imekwisha. Litania imekwisha. Wimbo umeimbwa. Mimi bado nimepiga magoti! Mama Levina alikuwa anajifuta machozi kwa upindo wa khanga, anamnong'oneza mwenzake kwamba hajapata kuona mtu aliyezama katika sala namna hii.

Nilifanya ishara ya msalaba, polepole.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekuwa mtu! Mama mmoja kaniomba nimwombee goti lake. Mwingine, mtihani wa binti yake. Salvatory kanuna. Alitangaza mbele ya wote kwamba Jumatano yeye alisikia mkoromo. Mama Balbina akamjibu kwamba hata mitume walisinzia bustanini, na Kanisa likasimama hivyo hivyo. Kisha akanigeukia: kesho, nyumbani kwa Konsolata, msalishaji ni Mayunga. Nikiweza, na Jumapili ni yangu.

Shida moja. Rozari bado sina, na mtu aliyezama hawezi kuazima rozari. Nimefikiri sana nikiwa nimeketi juu ya mzigo wa lori. Jibu lilikuwa chini ya makalio yangu. Mpunga! Nimechukua punje hamsini. Nitazipanga kwenye jamvi, mistari mitano kwa matendo matano, kila mstari punje kumi. Nitafumba macho ili nionekane nimezama, na kidole kitasogeza punje moja kila Salamu Maria. Nani atajua?

Jumamosi, 12 Oktoba

Tulisali uani kwa Konsolata. Sanamu juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma yake, mbali, milima ya Udzungwa imegeuka rangi ya buluu. Nikapanga punje zangu. Nikafumba macho. Tendo la kwanza, sawa. La pili, sawa. Nilimsikia Salvatory anavyosikiliza, kama fundi anayengoja mwenzake akosee kushona.

Tendo la tatu: Yesu anazaliwa Bethlehemu. Nilikuwa kwenye Salamu Maria ya nne, au ya sita. Nikapapasa punje, nikagusa mdomo. Mdomo mgumu! Nikafumbua jicho moja. Kuku wa Konsolata, mwekundu wa kishingo kisicho na manyoya, alikuwa anamalizia Bethlehemu. Tendo la nne na la tano alikwisha kula.

Nimesema ngapi? Sijui. Kuishia njiani ni aibu. Nikaamua kuendelea mpaka mtu anizuie. Salvatory akakohoa. Nikaendelea. Akakohoa kama mwenye pumu. Nikaendelea. Hakuna aliyenizuia, kwa sababu msalishaji hapa hakatizwi.

Kisha kikatokea kitu ambacho sikukipanga. Sauti zilishuka. Ile haraka ya watu wanaowaza mboga jikoni ikaisha. Wakawa wanaitikia taratibu, kila neno linatua. Kinuni, gunia la kilo mia ukilishika peke yako linakukalisha chini. Mkilishika wanne, unashangaa uzito umekwenda wapi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani mimi ndiye ninayesalisha, kumbe nimebebwa. Mtoto anazaliwa, na sisi hatutoki pale zizini. Nikamkumbuka wangu. Alizaliwa mimi nina gunia begani, habari nikaipata kwa ujumbe wa simu, nikabeba gunia lililofuata. Machozi yakatoka. Hayo nayo sikuyapanga. Hata kuku alitulia, kajilaza kwenye jamvi kama mwanajumuiya.

Sauti yangu ikakatika. Mama Balbina akapokea, akamalizia matendo mawili yaliyobaki.

Wimbo wa kufungia ukaanzishwa nyuma, sauti ya kike, nyembamba, inayopanda kabla ya wenzake. Sauti hiyo ninaijua. Nikageuka. Nyamizi! Kapiga magoti vumbini karibu na mlango wa ua, mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, pembeni, na mtoto mgongoni ananitazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua. Alisema Jumapili makusudi, ili anikute Jumamosi.

Njiani hakunisifu. Alisema tu kwamba tendo la tatu lilikuwa na Salamu Maria arobaini na moja. Alihesabu. Nikamwambia kuhusu kuku. Kisha nikamwambia yote, magoti, usingizi, uongo wa Jumatatu. Nilingoja aulizie basi. Alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Alipofuta macho akasema mpanga punje ni mwongo, lakini aliyelia si mwongo, na yeye amekuja kwa huyo wa pili. Anabaki, kwa sharti moja: kesho niwaambie wote.

Sayi bado hataki kushikwa na mimi. Lakini kapokea mchembe kutoka mkononi mwangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimesema. Nyumbani kwa Salvatory, kabla ya sala, nimesimama mbele ya sanamu, jasho linatiririka. Salvatory alianguka juu ya cherehani kwa kicheko. Akauliza kama jioni hii nimekuja na bata.

Mama Balbina hakucheka. Akasema kuku alimwona tangu punje ya kwanza. Aliinua mkono amfukuze. Lakini kwenye "saa ya kufa kwetu" mkono ukabaki hewani, kwa sababu tangu amzike mumewe maneno hayo alikuwa anayapita mbio, na jana alipata nafasi ya kusimama hapo. Akamwacha kuku ale.

Kisha akavua rozari yake shingoni, akanivisha. Salvatory akasalisha. Nimekaa nyuma kabisa, Sayi kalala kwenye paja langu, mzito kuliko nilivyodhani. Nikaitikia tu. Sijapata kutaka kitu kidogo hivyo nikakipata chote. Nimeapa mbele ya Mungu: uongo basi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, kinu kimefungwa. Nyamizi yuko nje anafua. Simu yake ikaita. Mama mkwe, Mama Restuta, kutoka Maswa. Nikapokea nimeinamisha kichwa, ingawa hanioni. Akauliza kwa upole kama ni kweli nimekuwa mtu wa sala.

Ningeweza kusema ndiyo, mama, najitahidi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema hivyo. Nikasema parokiani wamenishika mashati niwe katekista.

Alilia kwa furaha. Anakuja Krismasi. Anakuja na kwaya ya kigango chao, watu kumi na wanane, wanisikie nikifundisha.

Siku sabini na mbili. Rozari ninayo, hiyo ni hatua. Nyamizi bado hajui. Nimepita kwa Konsolata kuuliza kama yule kuku anaazimwa.