Naomba Mdogo Wangu Arudishwe Alivyokuwa

Kwa Mkuu,
Idara ya Kuwarudisha Walemavu Kazini,
Ghorofa ya Nne (mahali ambapo mliona panafaa kuwapokea watu wasioweza kupanda ngazi).

Ndugu Mkuu,

YAH: KURUDISHIWA MDOGO WANGU AKIWA KATIKA HALI MLIYOMKUTA NAYO

Baada ya salamu nyingi, na matumaini kwamba u mzima wewe na mafaili yako, naomba niingie moja kwa moja kwenye shida yangu. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia tangu mlipomchukua mdogo wangu na sijaona hata mbichi.

Mimi ni dada mkubwa wa yule fundi wa lifti aliyeanguka kazini akaumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na anakaa kwangu. Yeye alikuwa akipata posho yenu ya ulemavu, na mimi nilikuwa nikimpata yeye. Tulikuwa tumezoea. Sasa mmemrudisha kwenye kampuni ya lifti, anakaa kwenye simu na kuzungumza na watu waliokwama ndani ya lifti zote za mji huu, mpaka fundi awafikie. Yuko kwenye majaribio, na mwisho wa mwezi huu wewe ndiwe utakayeamua kama anathibitishwa kazini au anarudi kwenye posho. Nakuomba arudi. Sababu zangu ni hizi:

1. Mlibadilisha mtihani bila kutoa taarifa. Kila mwaka mlikuwa mkituita tuje kuthibitisha kwamba bado hawezi kusimama. Namsukuma mpaka kwenu, naye anathibitisha kwa kutosimama. Maswali nilikuwa nikiyajibu mimi, na nilikuwa nimeiva: hawezi kuinama, hawezi kubeba, hawezi ngazi, hawezi baridi. Kisha mwaka huu mkamtuma nyumbani binti mmoja wa miwani. Akakaa kwenye kochi langu, akanipita mimi kama pazia, akamwuliza yeye, "Kaka, unaweza kufanya nini?" Swali hilo hatukuwa tumelisomea. Nilifungua mdomo nikakuta sina jibu hata moja. Yeye alikuwa na majibu tele, akayamwaga mpaka chai ikapoa.

2. Nyumba yangu imeharibika. Zamani mdogo wangu alikuwa akiamka amenuna, namgombeza, ananijibu, siku inaanza vizuri. Siku hizi anaamka kabla yangu, ananyoa ndevu huku anaimba, na sauti hana. Akishaondoka, hakuna wa kuniambia nipunguze redio. Juzi niliipandisha mwenyewe, nikaipunguza mwenyewe, nikanuna mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, Ndugu Mkuu, na mtu mmoja hagombani. Halafu jioni anarudi na kusema kwamba kantini ya kazini wanajua kuunga mchuzi. Aliyasema hayo mbele ya mchuzi wangu.

3. Kazi yenyewe inanivunjia heshima. Sheria yao ni kwamba mtu aliyekwama asiachwe kimya, wala asizungumziwe habari za lifti, asije akazidi kuogopa. Azungumziwe habari nyingine yoyote. Sasa mdogo wangu hana habari nyingine yoyote! Miaka yote hii amekaa ndani na mimi. Akitafuta habari kichwani anakuta mimi. Kwa hiyo mji mzima unajua kwamba niliwahi kupika supu nikasahau kutia nyama, kisha nikamlaumu paka, na paka hatuna. Nilikwenda kung'oa jino. Daktari wa meno, mtu mzima na koti lake jeupe, aliponisikia nikimgombeza muuguzi aliniuliza kama mimi ndiye yule dada wa fundi. Nikaitikia kwa kichwa. Koleo likiwa tayari mdomoni mwangu, akauliza, "Na paka hajambo?" Sikuweza kumjibu inavyostahili.

4. Uchumi unayumba. Mlinzi wa jengo la benki ameniambia kwamba wafanyakazi wa pale wanabonyeza kengele ya lifti hata kama haijakwama, wapate kujua nimefanya nini wiki hii. Mtu anaondoka ghorofa ya kwanza kwenda ya pili, anafika wakati wa chakula cha mchana. Kazi za watu zimelala, na chanzo ni ninyi mliomrudisha mtu mmoja kazini.

5. Na sisi je? Kwa kila mlemavu mnayemrudisha kazini kuna dada, mke, shangazi au mama anayeachishwa kazi bila hata barua. Mimi najua kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumwumiza. Najua milango yote ya mji huu ambayo kiti cha magurudumu kinapita na ile ambayo kinakwama, hata wenye majengo hawaijui. Najua kunyanyua, kuogesha na kugombeza kwa wakati mmoja. Sasa asubuhi linakuja gari lenye mashine, linamnyanyua kimya kimya. Mimi nabaki mlangoni na mikono yangu, sina pa kuishikiza. Inaniuma, Ndugu Mkuu, nisikufiche. Kama huo nao si ulemavu, njooni mnipime. Tena mniulize ninachoshindwa, maana hapo nina uzoefu.

Kwa hayo yote naomba asithibitishwe. Msihangaike kutafuta sababu. Andikeni tu "hakuweza". Neno hilo mnalo hapo ofisini, mmelitumia miaka mingi na bado ni zima. Na siku ya kumrudisha naomba aje amenuna, kama nilivyowakabidhi.

Nisalimie wote ofisini: katibu wako, dereva, na yule binti wa miwani, ambaye simchukii, ila mwambie kochi langu asilikalie tena. Sisi sote hapa nyumbani, yaani mimi, tunakusalimu.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Dada wa Fundi

Tanbihi: Naandika haya kwenye benchi lililo nje ya mlango wako. Nilikuja kuleta barua hii kwa mkono wangu mwenyewe, nikapanda lifti yenu, ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na taa ikazimika. Nilikuwa peke yangu na niliogopa sana. Nikabonyeza kengele, akajibu yeye. Nikabana pua, nikasema mimi ni muuza mayai.

Akasema, "Pole sana, mama wa mayai. Fundi yuko njiani, na mimi siondoki hapa. Ngoja nikupe habari za dada yangu." Nikajua sasa ni paka. Haikuwa paka. Alisema kwamba alipoumia, watu wote walianza kuzungumza naye polepole, kwa sauti ya chini, kama wanambembeleza mtoto alale, hata mafundi wenzake. Dada yake peke yake ndiye aliyeendelea kumgombeza kama mtu mzima. "Yule asingenigombeza kila asubuhi," alisema, "ningeamini nimeshakufa. Sasa na mimi nawafanyia watu hivyohivyo. Aliye gizani simwachi kimya."

Nikasahau pua, nikalia kwa sauti yangu. Akanyamaza kidogo, kinyume cha sheria ya kazi yao. Kisha akasema, "Dada, mlango ukifunguka tazama chini, sakafu huwa haijalingana. Na ukimpa Mkuu hiyo barua yako uliyoisahau mezani jana nikaisoma, mwambie habari ya paka umeipunguza chumvi."

Sasa, Ndugu Mkuu, barua ni hii, na karatasi yenyewe ni nzuri, siwezi kuichana. Isome, kisha ufanye kinyume chake. Ukiona taratibu zenu haziruhusu, basi ipoteze, kazi hiyo mnaiweza. Ila naomba nijulishwe mapema siku ya kumthibitisha, kwa sababu lile shati lake la kola ngumu huchukua muda kulipiga pasi.