Darasa la Wababeli, Ghorofa ya Tatu

Jumatano, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: sikuanzisha darasa kwa sababu napenda kufundisha. Nataka tu mtu abishe hodi na aniulizie mimi. Tangu nimalize shule, wiki saba sasa, aliyebisha ni msoma mita tu. Akamtaka Mama.

Kwa hiyo mpango: kuwafundisha watoto wa jengo hesabu za Babeli ya kale. Wababeli waliandika kwenye vibao vya udongo, na mtoto gani atakataa kuchezea udongo? Udongo sina. Nimekanda unga wa Mama, kilo mbili. Kona ya rula ikisimama inachora msumari: hiyo ni moja. Ikilala, inachora mdomo wa kifaranga: hiyo ni kumi. Wakifika sitini wanaanza upya, ndiyo maana saa yetu ina dakika sitini.

Wamekuja wanne! Pengo, msichana wa miaka saba asiye na meno ya mbele, aliuliza kama watu hao hawakuwa na madaftari. Nikasema hawakuwa. Akasema basi mwalimu wao aliumia mgongo kubeba kazi za kusahihisha. Ameniita Mwalimu mara tatu. Nimehesabu.

Jioni Mama karudi kutoka zamu yake ya uuguzi wodini, kauliza unga uko wapi. Nikamweleza ustaarabu wa kale. Akasema vizuri, basi hao Wababeli waje watupikie.

Alhamisi, 5 Machi

Hakuja mtu. Wote wako ghorofa ya pili kwa Dada Msusi, anayesuka watu kwenye korido huku simu yake ikionyesha katuni. Nimepita pale mara tatu na ndoo tupu, nionekane nina shughuli. Akaniuliza, mdogo wangu, kwenu maji yamekatika? Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Akanijazia ndoo mpaka juu. Nimepanda nayo, nikaimwaga bafuni.

Pengo alinipungia mkono bila kutoa macho kwenye katuni. Huyu Dada Msusi ana roho mbaya sana!

Ijumaa, 6 Machi

Dawa yake nimeipata. Mwaliko wa siri! Vibao vinne vya unga, kila kimoja kina mchoro wa saa na namba ya Kibabeli. Wanafunzi wangu watasoma. Dada Msusi atabaki kukodoa macho.

Darasa ni kesho saa nne asubuhi. Nimetazama saa ya ukutani: saa nne, mshale mfupi uko kwenye kumi. Basi nikagonga mdomo wa kifaranga mmoja. Kumi. Kazi safi! Nimeviacha milangoni nikakimbia kabla sijaonekana.

Jumamosi, 7 Machi

Saa nne. Mkeka nimetandika, madonge manne nimepanga, nywele nimechana.

Saa nne na nusu. Nyayo ngazini! Zimepita kwenda juu.

Saa sita. Madonge yameota ganda. Nimefanya hesabu zao zote mwenyewe, kwa niaba yao. Nimepata zote.

Saa nane. Nimekunja mkeka. Nimelia, si sana.

Saa kumi. Mlango unapigwa kama nyumba inaungua! Msimamizi wa jengo, bila shaka, amekuja kuuliza nani kagandisha unga milangoni. Nimejibana nyuma ya kochi. Ana mikono mingi ajabu. Robo saa nzima sikupumua. Kaondoka. Nimeshinda!

Jumapili, 8 Machi

Mama katoka kwenda zamu, karudi mlangoni anacheka. Kakutana na Pengo ngazini. Eti jana walikuja saa kumi juu ya alama, kama kibao kilivyosema. Kumi ni kumi, kasema Pengo, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha! Walikuwa tisa, maana waliwafundisha na wengine. Hata Dada Msusi alikuja. Simu aliiacha kwake. Wamegonga mpaka vidole vikauma. Pengo anauliza, Mwalimu ametuchoka?

Tisa.

Mama kasema, mwanangu, si ushuke tu uwaambie? Ngazi kumi na nane. Nikasema nitashuka. Kaenda kazini.

Sijashuka. Nitasema nini? Nitaanzaje? Kuna njia bora: kibao cha kuomba radhi, kikubwa, chote kwa Kibabeli. Maneno sijui yanaandikwaje, kwa hiyo nimeipa kila herufi namba yake. Wakikaa nacho siku mbili tatu watakisoma. Nimeshafika mstari wa pili.

Kuna mtu anabisha hodi. Taratibu. Sauti ya Pengo inauliza, Mwalimu yupo?

Siwezi kufungua sasa, kibao hakijakauka. Wewe unayesoma hapa, nakuomba sana, iwe siri yetu: usimwambie mtu kwamba nipo ndani.