Uzinduzi wa Maabara ya Vifuko Visivyoonekana

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wasaidizi wangu. Wasaidizi wa wasaidizi wangu. Wakuu wa idara, wauguzi, na nyinyi wananchi mliosimama juani tangu asubuhi bila kulazimishwa sana, hamjambo! (Makofi ya safu ya mbele.)

Leo, kwa mujibu wa mkakati jumuishi wa teknolojia endelevu, tunazindua Maabara ya Vifuko vya Polima, yaani vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndani yake hutiwa dawa. Mtafiti wetu, binti wa mkunga yule pale, aligundua kwa sufuria ya mama yake kwamba vifuko hivyo vikipashwa moto husinyaa, na chumvi ikizidi huvimba. Alikuja ofisini kwangu akasema, "Mzee, kifuko kikivimba, dawa ya watoto inavuja kabla ya kufika inakotakiwa. Naomba kipimajoto na mizani tu." (Wauguzi wanaguna.)

Je, nilimpa? Hata! Kichwa kama kile unakidhalilisha kwa kipimajoto? Nilimuundia kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikaendesha semina tisa, na kufikia mwezi uliopita utekelezaji ulikuwa umefika asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mtu mmoja anacheka, anatolewa.) Mimi binafsi, kwa uzalendo, nimeacha kutia chumvi kwenye mayai.

(Mkunga anasimama: "Mheshimiwa, binti yangu alikusubiri miaka miwili, akachoka, akaondoka. Huko aliko kipimajoto alipewa siku ya kwanza. Sisi huku wodini watoto bado wanatapika dawa chungu. Hiyo maabara iko wapi, baba?")

Mama, ahsante, keti. Swali zuri sana, na kamati imelinukuu. Kuondoka kwa binti yako tumekwisha kukuingiza kwenye ripoti kama mafanikio: tumeanza kuuza wataalamu nje. (Makofi ya mtu mmoja, msaidizi.)

Chumvi! ("Chini!") Joto! ("Chini!") Maendeleo! ("Chini!") Hapana, hiyo ni juu, jamani.

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi aliyechora jengo hili zuri kwenye turubai lililo nyuma yangu, kwani bila yeye leo tusingekuwa na mahali pa kukatia utepe. Sasa karibuni mpige picha, ila naomba sana mtu asiegemee mlango.