Keki ya Misuko na Bomba Jekundu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo nimeteuliwa! Si uwaziri, lakini ni jirani yake. Mdogo wangu wa kike anaolewa Jumamosi, na keki nitaioka mimi.

Kikao cha familia kilikuwa moto. Shangazi, mwenyekiti wa kila kitu tangu nizaliwe, alitaka kazi apewe Mama Malai, yule mwoka keki wa ng'ambo ya barabara. Mwanamke mwenye aproni nyeupe isiyochafuka na kicheko cha kuudhi. Mdogo wangu akakataa katakata. Akasema mbele ya watu wote kwamba keki yake ataioka kaka yake, na asiyetaka asile. Macho yakaniwasha. Vumbi.

Yeye ni msusi. Anataka keki iliyofunikwa misuko ya fondanti juu mpaka chini, kama kichwa alichokisuka mwenyewe. (Fondanti, kwa wasiosafiri, ni ile sukari inayokandwa mpaka iwe kama udongo wa mfinyanzi.) Shangazi akauliza, wewe mtoto, hizo nyuzi za kusukia utazitoa puani? Nikamjibu kwa utulivu kwamba ninalo bomba maalumu la kukamulia. Nililitumia nilipokuwa jikoni melini.

Sina bomba. Na jikoni melini nilikuwa naosha masufuria. Lakini jikoni ni jikoni.

Amri ya Shangazi: Alhamisi aone mfano. Usipomridhisha, kazi inavuka barabara.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Duka la vyombo vya jikoni. Kumbe mabomba yana koo zake! Kuna la plastiki, unalisukuma kwa kidole gumba kama sindano ya daktari. Nikalipita bila kulisalimia. Kuna la chuma, dogo, lenye mpini wa kuzungusha kwa nyuma na vibati vya matundu vya kubadilisha mbele. Binti muuzaji akasema hilo ndilo lenyewe kwa fondanti, maana ni ngumu, na mpini unaisukuma polepole bila kuumiza mkono. Limebaki moja tu, akasema. Mkono wangu tayari ulikuwa mfukoni.

Nani akaingia? Mama Malai!

Akanisalimia kwa adabu, adabu ile ya kuchokoza. Akaliangalia bomba mkononi mwangu. Akauliza, jirani, unalichukua hilo? Maana na mimi ndilo lililonileta.

Sasa, mwanamume wa hadhi yangu atumie kifaa kimoja na Mama Malai? Kidogo vile? Nikamkabidhi. Nikamwambia achukue tu dada yangu, hicho ni cha kuanzia. Akashukuru. Akacheka kile kicheko.

Nikanyoosha kidole kwenye rafu ya juu. Pale lilikaa bomba jekundu, kubwa, lenye kifyatulio kama bastola! Kitu unachoweza kuning'iniza kiunoni na watu wakakupisha njia. Binti akaanza kunieleza jambo. Nikainua mkono. Mwanangu, mimi nimefanya kazi melini. Akaliteremsha.

Boksi lina picha za biskuti. Mapambo tu ya boksi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Siku mbaya. Kosa si langu.

Nikashindilia fondanti ndani ya bomba. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa mikono miwili. Fondanti ikaanza kutoka, lakini kwa nyuma! Ikanijaa kwenye mkono wa shati. Nikaliegemeza bomba kwenye meza, nikalilalia kwa kifua, nikabonyeza na kuita mababu. Likalia kaa! Kibati cha mbele kikaruka, kikapiga ukuta, kikapiga kabati, kikatua ndani ya sufuria la maharage la mke wangu.

Mke wangu akakiopoa kwa mwiko. Akalichukua boksi akalisoma. Nami husoma, ila mimi husoma picha kwanza. Akasema, baba watoto, hiki ni cha kukamulia biskuti. Unga laini. Fondanti humu ni kama kupitisha tofali kwenye mrija wa soda. Kisha akauliza kwa nini nisivuke barabara nikaazime cha Mama Malai.

Nikamwambia bora nizikwe.

Halafu wazo likanishukia. Mashine ya mke wangu ya kusagia nyama! Ina mpini wa kuzungusha, ina matundu. Ni yale yale! Nikaiosha. Kiasi. Nikazungusha, na nyuzi zikatoka! Nene, zimenyooka, zina rangi ya kijivu kidogo. Nimezisuka na kuzilaza juu ya keki ndogo ya mfano. Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Shangazi hana jicho la sanaa. Ana pua.

Akainama juu ya sahani. Akanusa. Akainuka polepole. Akauliza hii ni keki ya harusi au ni soseji. Nikamweleza kwamba kitunguu saumu kidogo ndiyo mtindo wa kisasa huko ughaibuni. Paka wa jirani, ambaye hajawahi kupenda keki maishani mwake, alikuwa ameshapanda kwenye kiti.

Akasema yamekwisha, anakwenda kuzungumza na Mama Malai.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Hakucheka. Kama angecheka ningepona. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kaka, niambie kweli, unaweza au huwezi? Nikapiga kifua, naweza. Akamwomba Shangazi asubiri mpaka kesho jioni. Akasema kaka hajawahi kuniacha njiani.

Si kweli. Nimeshamwacha njiani, tena kwa baiskeli yake. Lakini ndivyo alivyosema.

Chakula hakikupita kooni. Nimekula sahani mbili tu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nilikwenda dukani alfajiri. Bomba dogo hakuna, mzigo unakuja wiki ijayo.

Basi nikavuka barabara. Sikwenda kuazima! Nilikwenda kukagua. Nikamwambia Mama Malai kuna mabomba bandia yanazagaa mjini, na mimi kama jirani mwema ningependa kulijaribu la kwake, nyumbani, kwa usalama wake. Akacheka mpaka akashika meza. Akalitoa mfukoni mwa aproni. Akasema chukua, jirani, ila kwa sharti: kesho mbele ya wageni useme bomba ni la nani. Akaongeza kwamba fondanti ipakwe mafuta kidogo ya kupikia na ikandwe mpaka ipate joto la mkono. Nikamwambia hilo nalijua. Nikatembea haraka nyumbani nisije nikalisahau.

Jamani! Ukizungusha, nyuzi zinatoka kama nywele. Nyembamba, zinang'aa, hazikatiki.

Kusuka sasa. Nilisuka mimi. Mdogo wangu akafika na wasusi wenzake, akatazama, akauliza hii ni misuko au nimefunga mbuzi. Akanisukuma kwa nyonga. Wakakaa kuizunguka keki kama wanavyomzunguka mteja saluni, vidole vinakimbia, umbea unakimbia zaidi. Kazi yangu ikawa kuzungusha mpini na kutukanwa. Zungusha basi, kaka, unalala? Sijawahi kufurahi vile.

Shangazi akaja jioni. Akanusa kwanza. Akasema, eeh. Kwa Shangazi hiyo ni hotuba nzima.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Keki ilipoingizwa, ukumbi ulisimama! Misuko inateremka mpaka kwenye sinia, miwili imefungwa shanga za sukari. Bwana harusi alisita kuikata, akauliza kama haitaumia. Mdogo wangu alicheka, kisha akanilalia begani akalia, akanipaka poda koti zima. Sitalifua.

Nikapewa kipaza sauti. Mama Malai alikuwa meza ya mbele, mikono kifuani, anangoja. Ahadi ni ahadi. Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba bomba lililofanya kazi hii ni la Mama Malai.

Na kwamba mimi ndiye niliyemwachia alinunue.

Makofi! Mama Malai alicheka mpaka akafutiwa machozi na Shangazi. Wivu ni kitu kibaya.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Nimerudisha bomba, limeoshwa na mke wangu. Mama Malai akasema nipige hodi siku yoyote nikilihitaji. Nikamshukuru. Nikamwambia kwa kiwango nilichofikia sasa, vitu vidogo vitanikwamisha.

Maana baba mkwe wa mdogo wangu ameagiza keki ya mjukuu wake. Simba mzima, na manyoya! Nimempa neno langu. Nimemwambia pia kwamba vifaa ninavyo.

Nimetoka dukani sasa hivi. Safari hii sikukurupuka, nilichagua kwa makini. La chuma tupu, linasimama mezani kwa miguu yake, lina mpini mrefu kama wa kisima na mdomo mrefu mbele. Yule binti akafungua kinywa. Nikainua mkono.

Boksi lina picha za soseji. Mapambo tu.