Leza Isiyoonekana ya Mwalimu Ildefonce

Jumatatu, 8 Machi 2004
Balaa! Ebenezeri amekuja likizo kutoka Ujerumani. Tulisoma dawati moja. Sasa ni mtafiti wa leza za nyuzi za kioo, zinazotoa mwanga kwa mapigo mafupi mno. Eti ukilinganisha na pigo lake moja, kupepesa jicho ni kama kungoja mkungu wa ndizi uive. Old Moshi yote inamtaja yeye. Mkuu wetu wa shule, Madam Sikudhani, amemwalika Ijumaa azungumze na wanafunzi. Na mwalimu wa fizikia hapa ni nani? Mimi! Nikasimama ofisini nikatangaza kwamba leza kama hiyo hata mimi ninayo. Nyumbani.

Madam amefurahi. Kasema niilete Ijumaa hiyohiyo.

Jumanne, 9 Machi
Sina leza. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Halafu wazo likanijia! Mapigo yale jicho haliyaoni. Kitu kisichoonekana, nani atathibitisha kwamba hakipo?

Mimi ni hatari.

Jumatano, 10 Machi
Sanduku: la redio mbovu. Nyuzi: nimezing'oa pamoja na maua yake kwenye ile taa ya sebuleni, inayobadili rangi. Ni ya mke wangu, Mama Basili, lakini yuko Holili kwa dada yake hadi Jumapili. Nimesoma pia kwamba modi za leza lazima zifungwe ndipo itoe mapigo. Modi ni nini, sijui. Nimezifunga. Kufuli kubwa, la kutoka sokoni Himo.

Ijumaa, 12 Machi
Ukumbi ulijaa. Nikabonyeza swichi. Hakikutokea kitu, kama nilivyopanga. Nikauliza kama wameona. Wakasema hapana. Nikawaambia hiyo ndiyo sayansi. Makofi! Wenseslaus wa kemia akanuna. Raha iliyoje!

Ndipo Ebenezeri, kwa adabu zake zile za kuchosha, akauliza modi nimezifungaje. Nikamwonyesha kufuli. Akaomba tulifungue. Nikakataa: modi zitatoroka! Madam akaamuru livunjwe. Wenseslaus alikuwa na nyundo. Mwalimu wa kemia, nyundo ya nini?

Kifuniko kikafunguka. Na mlangoni, mzigo wa vitenge mkononi, Mama Basili! Karudi mapema aje kuniona nikishangiliwa.

“Baba Basili,” akasema mbele ya shule nzima, “hayo si maua yangu?”

Jumapili, 14 Machi
Nalala stoo, na majani ya mbuzi. Mama Basili hasemi nami. Madam kampa Wenseslaus vipindi vyangu.

Leo kaja Ebenezeri. Kaniletea uzi wa kweli, mwembamba kama unywele.

“Ndugu yangu,” akasema, “mwaka wangu wa kwanza leza haikutoa hata pigo moja. Niliubinya uzi kwa vidole, nikaugeuza, nikalia. Nikufundishe, tuanze mwanzo?”

Machozi yalinilengalenga.

Mwaka mzima! Na anakiri mwenyewe, bila kuulizwa! Kumbe jamaa ni dhaifu hivi? Alipotoka tu nikachukua karatasi, nikawaandikia wakubwa zake Ujerumani: nafasi yake wampe mtu ambaye leza yake ilipigiwa makofi siku ya kwanza.