Kamati ya Kichwa cha Mkurugenzi

Serikali inayowajali watu wake haiwezi kukaa kimya kichwa cha Mkurugenzi kinapouma. Ndiyo maana Idara ya Usalama wa Vyakula iliunda Kamati ya Kitaifa ya Kuchunguza Maumivu ya Kichwa Yatokanayo na Migahawa ya Kichina. Mgahawa wenyewe ulikuwa mmoja tu, mkabala na ofisi, lakini adui hadharauliwi kwa udogo wake.

Katibu wa kamati, ambaye wenzake walimwita Muhuri kwa jinsi alivyopenda kugonga mihuri, alikuwa na ushahidi wa kutosha. Mkurugenzi alikula pale mara moja, akaumwa kichwa. Kwamba alikuwa amekesha akitazama mpira lilikuwa jambo la nyumbani, na kamati haiingilii nyumba za watu. Kiungo cheupe cha kukoleza ladha, kilichoshukiwa kuleta maumivu, kilikuwemo pia kwenye supu ya kantini, ila cha kantini kilikuwa na kibali.

Mwenye mgahawa, Mchina ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tambi, alikuja kujitetea.

"Mwanangu, nimewalisha miaka yote hii," alimwambia Muhuri. "Mkinifunga, mimi na wapishi wangu tutakula wapi?"

"Usijali, mama. Hakuna atakayeonewa. Tutakufunga kwa haki."

Haki yenyewe ilikuwa jaribio. Mkurugenzi angekula tambi mbele ya kamati. Kichwa kikiuma, jiko lililozipika lifungwe mwezi mzima, pasipo rufaa. Agizo hilo Mkurugenzi alilitia saini mapema, ili kuokoa muda.

Siku ilipofika, Muhuri aliamuru Mama Tambi apekuliwe kikamilifu getini. Mkurugenzi, ambaye subira hakuzaliwa nayo, alikuta hotpoti ya tambi mezani, akajipakulia. Alimaliza sahani, akaongeza, kisha akashika paji la uso na kujilaza kwenye kochi.

"Mnaona?" alisema kwa sauti ya mtu anayeusia. "Hawa watu watatumaliza."

Kamati ilipiga makofi kwa huzuni. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Tambi na sufuria lake, jasho likimtoka.

"Samahani, wazee. Wale wa getini wamenipekua mpaka vitunguu. Niwapakulie?"

Wajumbe waligeukia hotpoti. Sekretari wa Mkurugenzi akakohoa.

"Hiyo imetoka nyumbani kwako, mzee. Mkeo amekutumia chakula cha mchana."

Mkurugenzi akaketi wima. Kichwa kilikuwa kimepona ghafla. "Basi lile agizo..."

"Nimeshaligonga muhuri, mzee," alisema Muhuri, moyo umemjaa fahari. Hakuwahi kuona uchunguzi wenye majibu ya wazi namna ile.

Kabla ya magharibi alikuwa nyumbani kwa Mkurugenzi na kufuli jipya. Mke wa Mkurugenzi alilisoma agizo taratibu.

"Jiko langu? Mwezi mzima?"

"Pasipo rufaa, mama."

Mama wa watu hakubisha. Alimkabidhi Muhuri mwiko kama kielelezo. "Haya baba, funga vizuri. Tangu niolewe sijapata likizo." Akaenda kubeba mkoba.

Jioni ile familia nzima ilijaa kwenye meza ya Mama Tambi, na mke ndiye aliyeagiza. Mkurugenzi alimaliza sahani, akaongeza. Mama Tambi alipita, akasimama.

"Kichwa vipi, mzee?"

Mkurugenzi alimtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa anamtazama.

"Hakiumi," alisema. "Hakijawahi kuuma."