Tamathali za Semi kwa Ajili ya Madina

Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Leo nimekaa benchi moja na watu wa maana. Mimi, Isaïe Kataliko, muuza vitenge, miaka thelathini na sita, ndani ya darasa la fasihi! Linafanyika kila Jumamosi saa nane, katika maktaba ndogo nyuma ya soko kuu la Kisangani. Wanakuja makatekista wawili, karani wa mahakama, na mtangazaji wa redio aitwaye Waziri. Wote wanataka kuandika Kiswahili kizuri. Mimi namtaka mwalimu.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mwezi wa saba mwalimu huyo, Madina, aliingia dukani kwa bosi wangu, tonton Nzanzu. Akashika kitenge cha njano, akasema, "Hiki kinacheka." Nikamwambia hapana, mama, hiki ni pamba tupu. Akacheka yeye. Akanieleza kwamba hiyo inaitwa tashihisi, kukipa kitu tabia za mtu. Hakununua. Tangu siku hiyo kitenge kile nimekificha chini ya meza. Wateja watatu wamekiulizia. Nawaambia kimekwisha.

Leo aliomba mfano wa tashbihi, yaani kufananisha kitu na kingine kwa neno "kama". Waziri alisimama, akasafisha koo, akasema macho ya mpenzi wake ni kama asubuhi juu ya mto. Wanawake wakapiga makofi. Asubuhi! Mtoni asubuhi kuna ukungu, huoni kitu. Nikasimama mimi. Nikamtazama Madina, nikasema macho yako ni kama ya samaki aliyetolewa sasa hivi mtegoni kwa wavuvi wa Wagenia. Darasa zima likaangua kicheko. Kwani hawajui kwamba samaki mbichi hujulikana kwa macho? Madina alisema mfano ni sahihi. Ndilo neno alilotumia. Sahihi. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikilirudia.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Mpango umekamilika. Kila siku tamathali moja, mpaka moyo wake ufunguke. Nimeandika orodha nyuma ya kalenda.

Leo takriri: kurudia neno ili kulitia uzito. Nikamtumia Madina ujumbe, "Habari", mara kumi na moja. Akajibu akiuliza kama simu yangu imeingia maji. Lakini amejibu! Jibu lake nimelisoma mpaka chakula kikapoa.

Mama Sophie, mke wa tonton, aliniuliza kwa nini simwambii mwalimu huyo tu kwamba nampenda. Nilimwonea huruma. Mama Sophie hakusoma fasihi.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Pigo. Madina amepewa kazi katika shule moja ya Banalia. Anaondoka siku chache zijazo! Habari nimeletewa na Waziri, aliyepita dukani makusudi, amevaa suti, jua kali hivi. Akaongeza kwamba yeye ana pikipiki, na kwake Banalia si mbali. Zaidi ya kilomita mia za matope, na kwake si mbali!

Alipoondoka nilikaa nyuma ya marobota. Niliwaza Jumamosi bila yeye. Ubao uleule, mwandiko wa mtu mwingine. Pondu, yaani kisamvu, nikairudisha sufuriani.

Saa tisa nikafungua ukurasa wa mubalagha. Inasemekana ni kutia jambo chumvi nyingi ili uzito wake uonekane. Ndiyo yenyewe! Nikaandika kwenye statut yangu ya WhatsApp: "Mimi Isaïe sipo tena. Banalia imeniua." Kisha nikazima simu, ili maneno yafanye kazi yake.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Maneno yamefanya kazi yake.

Nilifika dukani saa mbili asubuhi kwa mlango wa nyuma. Mbele kulikuwa na viti vya plastiki, kama sitini. Turubai. Waimbaji wa parokia, wamevaa sare. Katikati yao tonton Nzanzu, kofia mkononi, analia. Mtu ambaye hajawahi kuniambia neno jema alikuwa anawaeleza watu kwamba hakupata kuwa na mfanyakazi kama mimi. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Sikutaka kumkatiza.

Kumbe Waziri alikuwa ameshaisoma habari ya kifo changu redioni jana saa moja jioni: mfanyabiashara kijana, ajali ya lori, barabara ya Banalia. Lori alilitunga mwenyewe. Waliosikia wanasema alisoma vizuri sana, sauti ikitetemeka.

Nikawasha simu. Ikaita hapohapo. Mama yangu, Kanyere, kutoka Butembo.

"Isaïe, ni wewe unaongea? Uko muzima ao ulikufa?"

Nikamwambia mama, mimi mzima, ile ilikuwa mubalagha tu.

Akapiga yowe. "Mubalagha ni ugonjwa gani tena? Huko muko na dawa yake?"

Nilipokuwa bado namtuliza, Mama Sophie akanikuta. Alinipa bakuli la ndizi za kuponda, lituma, aliyokuwa akiwapelekea wafiwa na akanisukuma nje. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Karani wa mahakama akaanguka na kiti chake.

Na hapo ndipo Madina alipofika, nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, ikikimbia kama pikipiki. Kilemba kimekaa upande. Macho mekundu. Aliruka kabla baiskeli haijasimama, akanitazama mimi na bakuli langu kwa muda mrefu. Kisha akanipiga begani kwa mkoba. Mara tatu. Takriri!

Amelia. Kwa ajili yangu. Bega bado linauma na sitalikanda.

Tonton amenitaarifu kwamba yale aliyosema chini ya turubai yalikuwa ya msiba, na msiba umekwisha.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Darasa la mwisho la Madina. Waziri hakuja, redioni kwao wamemwambia apumzike wiki mbili.

Somo la leo: swali la balagha. Ni swali lisilohitaji jibu. Msemaji anauliza, msikilizaji anajua, wote wananyamaza, na maana inabaki pale katikati yao. Nililielewa mara moja. Ni tamathali ya kwanza niliyoielewa bila kuuliza mtu.

Baada ya somo Madina aliniomba nimsindikize mpaka ukingoni mwa mto. Tulisimama mahali mitumbwi inayotoka Lubunga, ng'ambo ya mto, inapofikia. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshavuka nusu ya maji. Akaniambia kwamba Alhamisi ile, juu ya toleka, njia nzima aliwaza mambo mawili tu: kwamba nimekufa, na kwamba hakuwahi kuniuliza. Kisha akageuka.

"Isaïe, wewe unanipenda?"

Swali la balagha! Kamili kabisa! Nikanyamaza. Nikatazama mto kwa utulivu, kama mtu aliyesoma. Yeye naye akangoja. Mtumbwi mmoja ukafika, watu wakashuka na mikungu yao ya ndizi. Mwingine ukajaa, ukaondoka. Mimi nikazidi kunyamaza. Sijawahi kunyamaza vizuri hivyo.

Mwishowe akasema, "Bon. Nimeelewa."

Akaita toleka, akaenda.

Ameelewa! Nimerudi nyumbani nimelowa mvua na sikuihisi.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Baada ya misa nilimsimulia Mama Sophie yote. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Na wewe ulijibu nini?"

Nikamweleza kanuni ya swali la balagha. Alinitazama kama anavyotazama kitenge kilicholiwa na panya.

"Isaïe, ule mwanamuke aliuliza sababu hakujua."

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nilipanda toleka mpaka kwa Madina. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake, Plamedie, alikuwa anafagia. Akaniambia lori la mizigo lilipita saa mbili, na Madina, aliyepaswa kuondoka Jumanne, ameamua kupanda leo. Alisema hakuna kilichobaki cha kungojea.

Nikamwambia mwenye toleka afuate lori. Maskini, alikanyaga kwa nguvu zake zote mpaka daraja la Tshopo. Hapo akaweka mguu chini, akaniuliza kwa heshima kama najua Banalia iko wapi.

Nikashuka. Nimesimama darajani mpaka saa kumi. Kila lori lililotoka kaskazini nilidhani limemrudisha. Nilipiga simu mara tisa, mtandao hakuna. Niliangalia ile barabara nyekundu inavyopanda na kupotea kwenye miti, nikajaribu kukumbuka sauti yake alipouliza. Nilikuwa naikumbuka vizuri mno. Nikajibu kwa sauti, pale pale, bila tamathali yoyote:

"Nakupenda sana."

Mama mmoja aliyepita na gunia la mkaa kichwani akasema, "Merci, papa."

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Ujumbe! Umeingia saa sita na nusu, nikiwa napima kitambaa. Nimekata mita moja zaidi.

Amefika salama. Shule haina milango, mbuzi wanaingia darasani na kutoka wanapotaka. Mto Aruwimi uko nyuma ya nyumba yake, anausikia tangu kunapokucha. Kisha haya, nayanakili kama yalivyo: "Isaïe, bado nangoja jibu langu. Usinipe fasihi. Niandikie tu, ndiyo ao hapana."

Nilienda nyuma ya marobota nikalia kidogo. Bado anangoja! Mama Sophie alisoma ujumbe huo juu ya bega langu, akasema niandike ndiyo, herufi tano, halafu nirudi kupima kitambaa.

Niliziandika. Nikaziangalia. Zilikuwa kama mtu aliyetoka nje bila shati. Mwanamke aliyesomea lugha mjini Kindu, aliyenililia mbele ya watu sitini, nimpe herufi tano? Ndiyo ni jibu analopewa muuza karanga. Nikazifuta.

Bahati yangu, Waziri alikuwa amepita dukani. Ana muda mwingi siku hizi. Nilimweleza tatizo bila kutaja jina, naye akanionyesha katika kitabu chake tamathali moja ambayo sikuwa nayo kwenye orodha: kejeli. Kusema kinyume cha unachokusudia! Asiyekujua anachukia, anayekujua anacheka, na katika kicheko hicho anapata ukweli wote. Na nani ananijua kuliko Madina?

Nikaandika: "Hapana, Madina. Sikupendi hata kidogo."

Nimetuma saa saba na dakika kumi. Ameusoma saa saba na dakika kumi na moja.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Tonton amefunga duka, mimi nimebaki hapa barazani, mahali mtandao unaposhika vizuri. Hajajibu.

Atakuwa bado anacheka.